Breki Tatu Kwenye Mteremko wa Subukia

Gilgil, mwezi wa tano

Baba,

Sikuandikii kukwambia kwamba tumekukosa. Hayo yalisemwa vya kutosha siku ya mazishi, tena na watu ambao macho yao yalikuwa kwenye sufuria za pilau. Nakuandikia kwa sababu nimelala chini ya gari yako siku nne, mgongo wangu sasa unajua kila jiwe la uwanja wetu, na nimegundua jambo ambalo siwezi kumwambia mtu yeyote aliye hai. Wewe nakwambia kwa kuwa safari hii hutanikatiza.

Nianze na mwanao Ndung'u, maana najua ndiye ungemuulizia kwanza. Yuko Nairobi, mzima, amenenepa. Bado anajiita injinia kwa sababu ya ile kozi ya miezi tisa uliyompeleka, na bado hawezi kufungua kopo la maziwa bila kujikata.

Gari ilikaa chini ya turubai kando ya tangi tangu Septemba tulipokuzika. Hakuna aliyeigusa. Kisha zikaja kura, na baada ya kura yakaja yale machafuko ambayo hukuyaona, na siku nyingine nakuonea wivu kwa hilo. Mama mdogo Wangeci, dadake Mama, alitoka Molo juu ya lori la viazi akiwa na godoro, sufuria mbili na nguo alizovaa. Nyumba yake haipo tena. Tangu Januari amekuwa akilala kwenye hema pale uwanja wa maonyesho Nakuru, na kila tulipomwomba aje kwetu alisema hataki kuwa mgeni wa mtu, anataka mahali pa kupanda maharagwe. Mwezi wa tatu rafiki yake wa zamani akampa chumba na kipande cha shamba Subukia. Mama akaamua. "Dada yangu hapandi lori tena," alisema. "Alipanda moja akitoka Molo, inatosha. Tutampeleka na gari ya baba yenu."

Gari ya baba yetu haikuweza hata kutoka pale ilipokuwa. Tuliiegesha na hendibreki imevutwa, mvua ikanyesha, jua likawaka, na kalipa mbili za nyuma zikaganda kwa kutu. Mama aliniuliza kalipa ni nini. Nikamwambia ni kile chuma kizito kinachobana diski ya gurudumu ili gari isimame, kama mkono unaomkamata mtu shati. Miaka thelathini na sita ya ndoa na hukuwahi kumwambia mke wako gari yenu inasimama vipi.

Ndung'u alikuja Ijumaa Kuu na kalipa mbili zimefungwa kwenye gazeti. Alikuwa amevaa ovaroli mpya, ile mikunjo ya kutoka dukani bado iko kifuani. Alitandaza spana juu ya gunia, akawasha redio, akahakikisha majirani wamemwona. Kisha akainua gari kwa jeki bila kuweka hata jiwe moja mbele ya magurudumu. Niliyaweka mimi. Alinitazama kama mtu aliyeingiliwa kwenye maombi.

Baba, nimefundisha darasa la nne miaka kumi na moja. Nimewaona watoto wakijumlisha maembe na ng'ombe. Lakini sijawahi kuona mtu mzima akifanya makosa kwa kujiamini namna ile. Kebo ya hendibreki ilipokataa kufika mahali pake, hakujiuliza kwa nini. Aliivuta, akaikunja, akaifunga na waya wa ua. Pistoni, ile inayosukuma breki ibane diski, aliirudisha ndani ya kalipa kwa kuibana na kifaa cha seremala, akisukuma kwa nguvu zake zote huku mshipa wa shingo umemtoka. Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe chake cha chai. Nikamwambia, "Ya nyuma haisukumwi. Inazungushwa."

Akacheka. Akawaambia majirani, "Mwalimu ameanza."

Nilijuaje? Unajua vizuri nilijuaje. Tangu nina miaka kumi ulikuwa ukiniweka kwenye kiti cha dereva kila ulipotoa hewa kwenye breki, kwa sababu kazi hiyo inataka mguu tu, na mguu hata msichana anao. Wewe ulikuwa chini, nyuma ya gurudumu, na Ndung'u amechuchumaa kando yako ili ajifunze. Ulikuwa unapaza sauti: "Kanyaga. Shikilia. Achia." Na katikati ya hapo ulikuwa unamweleza yeye kila kitu, neno kwa neno, ile sauti yako nzuri ya subira ambayo sisi wengine hatukuwahi kupewa. Yeye alikuwa akiangalia barabarani. Mimi ndiye niliyekuwa nikisikia. Siku moja nilitoa kichwa dirishani nikakuuliza kwa nini pistoni ya nyuma inazungushwa na ya mbele haizungushwi. Ukasema, "Wewe kanyaga tu."

Basi nilikanyaga tena, siku hiyo ya Ijumaa Kuu, kwa ajili ya injinia. Upande wa kulia hewa ilitoka saa mbili nzima, mapovu juu ya mapovu, mpaka chupa ya pili ya mafuta ya breki ikaisha. Upande wa kushoto hakikutoka kitu. Si hewa, si mafuta. Ndung'u akafuta mikono yake akatangaza, "Huku hakuna hewa kabisa. Huku ni safi." Nilimwambia kisima kikavu hakiitwi kisafi. Hakunisikia, alikuwa anaongeza sauti ya redio.

Pedali ilizama mpaka sakafuni kama mguu kwenye matope. Akasema breki mpya huzoea polepole. Akaingia, akarudi nyuma kwa madaha, akakanyaga, na gari ikaendelea na safari yake mpaka kwenye ua wa kayaba. Miiba ilimkwaruza shingo kupitia dirishani. Nakiri nilifurahi. Jumatatu ya Pasaka akaondoka na gunia la viazi na kuku mmoja wa Mama, akatuachia gari ndani ya ua na maagizo kwamba tusiiendeshe haraka kwa wiki ya kwanza.

Likizo ya Aprili ilipoanza nikavaa suruali yako ya kazi. Mama alinitazama, akatafuta kamba ya kunifunga kiunoni.

Kwanza nilienda Nakuru kwa yule Harjit wa spea, yule Singasinga mwenye ndevu nyeupe uliyekuwa ukigombana naye na kurudi kwake kila mwezi. Nilimweleza pedali inavyozama. Hakuinua macho kutoka kwa gazeti lake. "Ile skrubu ya kutoa hewa," akauliza, "iko juu ama chini?"

Nikafikiri. Nikaiona. "Chini."

Alicheka mpaka akashika meza. "Dada, hewa inapanda. Hata kama wewe nabembeleza, inapanda. Umefunga ya lefti kwa raiti, na ya raiti kwa lefti. Nani alifanya hii?"

"Ndugu yangu. Injinia."

Akanitazama vizuri sasa. "Wewe mtoto ya ule fundi ya Kariandusi? Ule ya migodi? Baba yako alikuwa na mdomo mbaya sana." Akakunja gazeti. "Lakini mkono yake ilikuwa mzuri. Pole sana."

Nilirudi nikabadilisha kalipa, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. Ilinichukua siku nzima. Boliti moja ilinikatalia tangu asubuhi hadi saa saba, na nilipoifungua nilikaa chini nikacheka peke yangu kama mlevi. Kebo ya hendibreki iliingia mahali pake bila waya. Pistoni nilizizungusha na koleo la mdomo mwembamba, polepole, zikaingia kama kifuniko cha chupa. Nilisema kwa sauti, "Haisukumwi, inazungushwa," na kwa dakika moja nilikuwa karibu kukupenda bila kukasirika.

Siku ya pili nikamketisha Mama kwenye kiti cha dereva. Kulia hewa ikatoka, ikaisha, mafuta yakaja safi. Nikaenda kushoto. Hakuna kitu. Nikafungua mpira unaoingia kwenye kalipa. Mkavu. Nikafungua nyuma yake. Mkavu. Basi nikalala chali nikafuata lile bomba jembamba la chuma kwa kidole, sentimita kwa sentimita, kuelekea mbele. Juu ya ekseli, mahali ambapo huwezi kuona usipoweka shavu kwenye udongo, kidole changu kikagusa utepe mweusi.

Nilidhani ni Ndung'u. Nilishaandaa maneno ya kumpigia simu. Kisha nikaona mwisho wa utepe umekunjwa kwa ndani, kipande kidogo cha kushika, ili siku ya kuubandua mtu asihangaike na kucha. Hakuna mtu mwingine duniani anayekunja utepe hivyo. Chini yake bomba lilikuwa limekunjwa mara mbili na kupondwa kwa koleo hadi likawa bapa. Hata tone moja lisingepita. Na kutu iliyokuwa kwenye ule mkunjo haikuwa ya mvua za miezi sita. Ilikuwa ya zamani. Ilikuwa na tabaka la matope makavu, na juu yake vumbi, na juu ya vumbi matope mengine.

Wewe.

Wewe uliyekuwa ukisimama kando ya barabara kuu ukiwaita mafundi wa watu wachinjaji. Wewe uliyemfukuza jirani uwanjani kwetu kwa sababu alifunga bomba la breki namna hiyohiyo, ukamwambia afadhali aende akafunge mbuzi. Kalipa ya kushoto ilikuwa imekufa, ukaikatia mafuta, ukafunga utepe, ukatupakia. Desemba ya mwaka juzi tulishuka Subukia watu sita kwenye gari hii, Mama mbele, watoto wa majirani wamekaa mapajani kwetu, na wewe unaimba nyimbo za kanisa. Tulishuka mteremko ule kwa breki tatu. Ukiimba.

Nilikaa kwenye udongo nikafikiria kila fundi uliyemdharau mbele yangu. Nilifikiria leseni yangu ya udereva niliyoipata chuoni, jinsi ulivyoigeuza huku na huku ukaniuliza kama imetolewa na mpishi. Mama alikuwa bado kwenye kiti, mguu wake kwenye pedali, akaniuliza kama aendelee kukanyaga.

Jioni nilimkuta akimenya viazi. Sikumwambia kuhusu bomba. Nilimuuliza tu, "Baba aliacha lini kutengeneza gari mwenyewe?"

Kisu chake kikasimama. "Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala," alisema. "Tangu ule mwaka mwingine, kabla ya mvua. Vidole havikushika. Chai alikuwa anakunywa kwa kushoto. Hukuona?"

Sikuona. Mimi ninayemwona mtoto wa safu ya nyuma akificha penseli ya mwenzake, nilikaa meza moja na wewe mwaka mzima na zaidi, sikuona kikombe kimehamia mkono mwingine.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua utataka kushika spana zake."

Hapo ndipo, Baba. Hapo ndipo dharau yangu ilipokosa mahali pa kukaa. Ningekuelewa kama ungekuwa mjinga. Ndung'u ni mjinga, na ujinga wake hauna siri. Lakini wewe ulijua kabisa kinachotakiwa. Pistoni inazungushwa, na kuzungusha kunataka vidole, na vidole vyako havikuwa na nguvu tena. Mita kumi kutoka kwenye gari hiyo alikuwepo mtu mwenye vidole kumi, aliyesikia somo lako lote tangu ana miaka kumi. Ulichotakiwa kufanya ni kuita jina langu. Ukaona heri kutushusha Subukia na breki tatu. Ukaona heri sisi sote tufe kuliko mimi nione mkono wako.

Na sijui uliponda vipi lile bomba na mkono ule. Nimejaribu kufikiria. Umelala chini, koleo kwenye mkono wa kushoto, wa kulia umelala kifuani. Ulichukua muda gani. Kisha ukakunja ncha ya utepe, kwa uangalifu, kana kwamba kuna siku ungerudi kuufungua. Labda ulikusudia. Nimeamua kuamini ulikusudia, na usifikiri ni kwa wema.

Siku ya tatu nilimpelekea Harjit kipande kile cha bomba ili anitengenezee jipya la urefu uleule. Alikigeuza kwenye mwanga. "Nani alifunga hii?"

"Fundi mmoja wa barabarani," nikasema.

"Huyo mtu alitaka kuua watu."

"Ndiyo," nikasema. "Alitaka."

Huo ndio uongo wa kwanza niliowahi kusema kwa ajili yako, na ulitoka bila kusita.

Bomba jipya liliingia siku ya nne. Mama akakaa tena kwenye kiti, kitambaa chake kichwani, viatu amevua ili ahisi vizuri. Nilipokuwa chini nilisikia sauti yangu ikisema kanyaga, shikilia, achia, na nilichukia jinsi ilivyofanana na yako. Mafuta yalikuja upande wa kushoto, kwanza meusi, kisha ya rangi ya chai, kisha safi. Mama akakanyaga mara ya mwisho, pedali ikasimama juu, ngumu kama ubao. Akaniuliza kupitia dirishani, "Hii ndiyo kazi iliyokuwa inamfanya ajione mkubwa hivyo?"

Nikasema ndiyo, hii ndiyo. Tulicheka mpaka akalia, na nikamwacha alie, kwa sababu kila mtu anakulilia kwa njia anayoweza.

Nilijaribu gari siku mbili, hadi Kariandusi na kurudi, nikisimama ghafla mahali pasipo na watu mpaka nikaridhika. Jumamosi tukaenda kumchukua Wangeci. Alikuwa ameketi juu ya godoro lake nje ya hema tangu alfajiri, sufuria zake zimesuguliwa. Hakukubali nibebe kitu. Aliingia nyuma akashika mlango kwa mikono miwili. Miezi ile yote hemani, Mama aliniambia, alikuwa akilala amekaa, viatu miguuni.

Tulipita Bahati. Barabara ikapanda, kisha bonde lote la Subukia likafunguka chini yetu, kijani kabisa, na mteremko ukaanza. Mimi sikuimba. Kwenye kona ya kwanza nilikanyaga, na gari ikajishika yenyewe, sawasawa, nyuma na mbele, haikuvuta kushoto wala kulia. Kona ya pili vivyo hivyo. Lori la kokoto lilikuwa likipanda katikati ya barabara kama ni ya babake. Nilikanyaga kwa nguvu na tukasimama kabisa, tukaliacha lipite. Nilisubiri Wangeci apige kelele. Hakukuwa na sauti. Nikaangalia kwenye kioo. Alikuwa amelala. Kichwa kwenye dirisha, mdomo wazi, mikono imeachia mlango, viatu amevua. Mama akageuka, akamtazama kwa muda mrefu, akanigusa bega kwa kidole kimoja. Niliendesha polepole zaidi kuliko ilivyohitajika, na tulipofika hatukumwamsha. Tulikaa ndani ya gari nje ya lango la watu, jua linatuchoma, mpaka akaamka mwenyewe na kuuliza kama tumeshashuka.

Ndung'u alipiga simu Jumapili. Nilimsikia kabla sijasema lolote: "Si niliwaambia zitazoea?" Nilimweleza alifunga ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto, "Baba angenidharau sana." Nilikuwa na utepe na bomba lako kwenye ulimi wangu. Ningeyasema angefurahi, angekuwa na mwenzake. Nikamwambia, "Angekudharau, ndiyo. Njoo Agosti nikuonyeshe." Alisema atakuja. Tutaona.

Sasa nakuaga, Baba, kwa sababu kesho shule zinafunguliwa na sijatayarisha masomo. Sijakusamehe. Nimekutengenezea gari yako, hayo ni mambo mawili tofauti. Kaburi lako nitalipalilia mvua zikipungua, na sitamwambia mtu kuhusu breki ya kushoto. Hilo nilikuahidi nilipomdanganya Harjit. Ahadi nyingine ni yangu mwenyewe. Siku mkono wangu utakapolala, nitamwita mtu.

Wairimu